Shajara ya mradi: nani anaacha kozi, na vigeu gani viingie kwenye modeli

Jumatatu

Leo tumeanza rasmi uchambuzi. Swali letu ni fupi: mtu amejiandikisha kozi ya mtandaoni, tunamwangalia wiki yake ya kwanza tu, je tunaweza kusema ana uwezekano gani wa kuacha kabla ya kumaliza? Jibu lina sura mbili, ameacha au amemaliza, ndo maana tunatumia regresheni ya lojistiki, ile inayofanya kazi na logi ya odi (odi ni uwezekano wa kuacha ugawe kwa uwezekano wa kutoacha). Hapo hakuna ubishi. Ubishi upo kwenye vigeu, yaani taarifa za kila mtu tunazotabiria, kila moja ni safu kwenye data, maana safu tulizopewa ni nyingi kuliko tunazohitaji na kila mtu kwenye timu ana safu yake anayoipenda.

Mwenzangu kaniuliza mapema kabisa, "Dada, kwa nini tusiiachie programu ichague yenyewe? Tunamwaga vyote humo, inatuletea vilivyo bora." Ni swali zuri na nataka nilijibu vizuri humu kwenye shajara, kwa sababu mradi wote unasimama au kuanguka hapo.

Njia anayoisema ni stepwaizi, hatua kwa hatua. Efroymson aliiandika kama algorithimu mwaka 1960. Inaanza na modeli tupu, inajaribu kigeu kimoja kimoja, kile chenye thamani ya p ndogo kuliko vyote (p ni uwezekano wa kupata tokeo kubwa hivyo kwa bahati tu, kigeu kikiwa hakina uhusiano wowote) kinaingia, halafu inazunguka tena na vilivyobaki, na kila ikiingiza kipya inageuka kuangalia kama kuna cha zamani kimepoteza nguvu kitolewe. Au inaanza na vyote inaondoa kimoja kimoja kurudi nyuma. SPSS, programu ya takwimu, usipoigusa inaingiza kwa p ya 0.05 na kutoa kwa 0.10, na ile amri ya step kwenye R, programu nyingine, inatumia AIC, alama inayopima modeli inavyoendana na data huku ikiitoza kwa kila kitu ilichoongeza.

Ya pili ni ya mabloku, wengi wanaiita ya kihaiaraki (isichanganywe na modeli za ngazi, zile za wanafunzi ndani ya madarasa ndani ya shule, hiyo ni habari nyingine kabisa). Hapa wewe ndo unapanga: bloku ya kwanza inaingia yote, ya pili inaingia yote juu yake, ya tatu hivyohivyo, na kila mara unauliza je hii bloku imeongeza kitu juu ya zilizotangulia? Programu haichagui chochote, inahesabu tu.

Kwa hiyo tofauti kubwa sio hesabu, ni nani anauliza swali. Kwenye mabloku umeuliza kabla hujaona jibu. Kwenye stepwaizi data inauliza na data hiyohiyo inajibu, halafu p zinazotoka mwisho zinaandikwa kana kwamba hakuna uchaguzi wowote uliofanyika.

Jumanne

Kazi ya leo haikuhitaji kompyuta. Tumekaa na orodha ya safu tukapanga kila kimoja kwa swali moja tu: hiki kinajulikana lini?

Umri, jinsia, kiwango cha elimu, amewahi kusoma mtandaoni au hapana: vinajulikana kabla hajaanza. Bloku 1. Kifaa anachotumia (simu au kompyuta) na saa anazofanya kazi kwa wiki: hali yake anapoanza. Bloku 2. Mara alizoingia wiki ya kwanza, dakika alizokaa, alama za jaribio la kwanza, siku alizochelewa kuwasilisha zoezi la kwanza: tabia ya wiki ya kwanza. Bloku 3.

Mpangilio huu wa wakati una sababu. Kinachotokea baadaye kinaweza kuwa kimesababishwa na cha mwanzo, lakini cha mwanzo hakiwezi kusababishwa na cha baadaye. Mtu anayefanya kazi saa nyingi ataingia mara chache, haiwezekani kuingia mara chache ndo kukamwongezea saa za kazi kazini kwake. Ukianza na tabia ya wiki ya kwanza halafu ukaleta saa za kazi mwishoni, saa za kazi zitaonekana hazina la kusema, kumbe zimeshasema kila kitu kupitia mara za kuingia.

Halafu kuna safu moja imetupa mjadala mrefu: jumla ya masomo aliyoyafungua. Ina uhusiano mkubwa mno na kuacha na ni wazi kwa nini, aliyeacha hawezi kufungua masomo ya mwisho. Sio utabiri huo, ni jibu lenyewe limevaa nguo za kigeu. Tumeitoa. Na hapa namkumbusha mwenzangu swali lake la jana, maana stepwaizi ingeichukua safu hii ya kwanza kabla ya zote na kwa furaha kabisa, haina njia ya kujua kwamba hiyo taarifa wiki ya kwanza haikuwepo. Programu inaona namba. Kalenda haioni.

Na kuna madhara ya ziada kwa kigeu cha namna hiyo, kinaweza kutenganisha waliomaliza na walioacha karibu kabisa, koefishenti (namba ya uzito wa kigeu kwenye modeli) inapaa, kosa lake sanifu (kipimo cha mashaka yake) linapaa zaidi, na kipimo cha Wald, yaani koefishenti ugawe kwa kosa lake, kinashuka badala ya kupanda mpaka kigeu chenye nguvu kuliko vyote kinaonekana si kitu. Hauck na Donner walilionyesha hilo mwaka 1977. Ndo maana sisi kwenye kulinganisha modeli tunatumia laiklihudi (modeli inavyoendana na data), Wald tunaiangalia kwa jicho la pembeni. Ikitokea utenganisho kwenye kigeu halali tutatumia marekebisho ya Firth ya 1993, yanayozuia koefishenti isipae, sio kukifuta.

Jumatano

Bajeti. Sio ya hela, ya vigeu.

Walioacha kwenye data yetu ni 160. Waliomaliza ni wengi zaidi, ila kwenye lojistiki kinachokubana ni kile kikundi kidogo, sio jumla ya mistari. Kanuni ya zamani inasema matukio 10 (kwetu walioacha 10) kwa kila parameta, yaani kila namba ambayo modeli inaikadiria, imetokana sana na kazi ya Peduzzi na wenzake ya 1996, na kwa hiyo sisi tungekuwa na nafasi 16. Kanuni hii imekosolewa, Vittinghoff na McCulloch mwaka 2007 walisema inaweza kulegezwa hali nyingine, na Riley na wenzake baadaye wakaleta hesabu makini zaidi za ukubwa wa sampuli kwa modeli za utabiri. Mimi naichukua kama taa ya njano, ikikaribia napunguza mwendo.

La muhimu ambalo watu wanalipita: unahesabu parameta ulizojaribu, sio zilizobaki. Ukijaribu 40 ukabakiza 6 huwezi kusema modeli yangu ina 6 tu niko salama. Zile 34 umeshazilipia, data ilishapata nafasi ya kukudanganya mara 40. Na elimu yenye makundi manne ni parameta tatu, sio moja, ni dami tatu (safu za ndiyo au hapana) zinazoingia pamoja na kutoka pamoja. Kuna programu ukizipa dami zikiwa safu tatu tofauti stepwaizi itaondoa moja na kuacha mbili, na hapo kundi lililoondolewa linamezwa kimyakimya ndani ya kundi la rejea, lile ambalo mengine yanalinganishwa nalo, na koefishenti zote mbili zilizobaki zinabadilika maana. Kigeu kimoja kiingie kama kigeu kimoja, basi.

Umri tunauacha kama namba, hatuukati vipande. Tumeangalia kama uhusiano wake na logi ya odi umenyooka, umejikunja kidogo upande wa vijana, tumeweka splaini (mstari unaoruhusiwa kujikunja) yenye parameta mbili. Tumehesabu zote: 13. Tunaingia kwenye bajeti na chenji inabaki.

Alhamisi

Data zinazokosekana. Alama za jaribio la kwanza hazipo kwa watu kadhaa, kwa sababu hawakulifanya kabisa. Sasa tukiendesha bloku ya 1 na 2 na watu wote, halafu bloku ya 3 ikawatupa wasio na alama, tunalinganisha modeli mbili zilizopikwa kwa watu tofauti, deviansi (kipimo cha modeli ilivyo mbali na data) haziwezi kutolewa moja kwenye nyingine. Lazima mistari iwe ileile kutoka bloku ya kwanza mpaka ya mwisho. R kwenye step inasimama yenyewe na kulalamika idadi ya mistari ikibadilika, programu nyingine zinanyamaza.

Kwa kesi yetu kutofanya jaribio lenyewe ni taarifa, kwa hiyo tumeweka kigeu cha alifanya au hakufanya na alama zinahesabika kwa waliofanya tu. Kinachokosekana kwenye saa za kazi ni kichache, hapo tumejaziliza kwa imputesheni nyingi, yaani pengo linajazwa mara kadhaa kwa thamani zinazokisiwa. Parameta sasa 14.

Ijumaa, mchana mpaka jioni

Hii ndo siku niliyokuwa naisubiri. Tumeendesha mabloku.

Kipimo ni kilekile cha Wilks cha 1938: unachukua mara-mbili-ya-logi-laiklihudi (kwa alama ya hasi, ndo ile deviansi) ya modeli ndogo, unatoa ya modeli kubwa, tofauti inafuata mgawanyo uitwao kai-skwea, wenye digrii za uhuru sawa na parameta ulizoongeza. (Kwa data zilizojazwa kwa imputesheni kuna namna yake ya kuunganisha matokeo, ila wazo ni hilohilo.) Ukiongeza moja unahitaji kupita 3.84 kwa 0.05, ukiongeza tatu 7.81, tano 11.07. Kwa hiyo bloku kubwa inadaiwa zaidi, na hiyo ni haki kabisa.

Bloku ya 3 imeongeza kwa nguvu, hakuna aliyeshangaa. Kilichotufanya tukae kwenye meza muda mrefu ni ndani ya bloku yenyewe: mara za kuingia na dakika alizokaa, ukisoma kimoja kimoja hakuna chenye p ndogo, ila ukivitoa vyote viwili kwa pamoja deviansi inaruka sana. Sio maajabu. Vinabeba taarifa ileile, kila kimoja kikiulizwa "wewe unaongeza nini mwenzako akiwepo?" kinajibu "kidogo". Stepwaizi hapo ingechukua kimoja na kutupa kingine, na kipi kinachukuliwa kinategemea watu wachache tu kwenye sampuli, halafu kwenye ripoti tungeandika kwamba dakika hazina umuhimu. Huo ungekuwa uongo. Sisi tunasema bloku ya tabia ya wiki ya kwanza ina umuhimu, na kwamba data hii haiwezi kutenganisha mara na dakika.

Halafu likaja la kifaa. Koefishenti ya simu ilibadilika kutoka bloku ya 2 kwenda ya 3, na mkuu wa mradi akasema hapohapo, "Kwa hiyo athari ya simu inapitia kwenye tabia ya wiki ya kwanza." Nikamwomba, "Mkuu, subiri kidogo kabla hatujaliandika." Kwenye regresheni ya kawaida ya mstari mnyoofu ningemkubalia kwa urahisi zaidi. Kwenye lojistiki koefishenti inabadilika hata pale ambapo hakuna kinachopitia wala kinachochanganya chochote, na hili nimemwonyesha kwa namba nilizozitunga ubaoni ili zikokotoleke kwa mkono.

Chukua watu wa aina mbili, nusu kwa nusu. Wale waliowahi kusoma mtandaoni: wenye simu wanaacha kwa 0.5, wenye kompyuta kwa 0.2. Odi za simu ni 1, za kompyuta ni 0.25, uwiano ni 4. Wale ambao hawajawahi: wenye simu wanaacha kwa 0.8, wenye kompyuta kwa 0.5. Odi ni 4 na 1, uwiano ni 4 tena. Na simu na kompyuta zimegawanywa sawasawa kwenye aina zote mbili, hakuna uhusiano wowote kati ya kifaa na uzoefu. Sasa changanya wote, sahau uzoefu. Wenye simu wanaacha kwa 0.65, wenye kompyuta kwa 0.35, odi ni 1.86 na 0.54, uwiano ni 3.45.

Nne ndani ya kila aina, 3.45 ukichanganya. Hakuna aliyedanganya na hakuna kilichopotoshwa, ndivyo odi zilivyo. Modeli isiyo na uzoefu inatoa 3.45, ukiongeza uzoefu bloku inayofuata inapanda mpaka 4, na mtu asiyejua atatunga hadithi nzima ya kwa nini imepanda. Angalia lakini tofauti ya uwezekano: 0.5 toa 0.2 ni 0.3, 0.8 toa 0.5 ni 0.3, 0.65 toa 0.35 ni 0.3. Haijatikisika.

Mkuu kakaa kimya, kakokotoa mwenyewe kwa kalamu, kasema sawa. Tumekubaliana kwamba kwenye jedwali la mabloku uwiano wa odi utakuwepo ila hatutasoma mabadiliko yake kutoka bloku moja kwenda nyingine kama ushahidi wa kitu kupitia kitu. Kwa hilo tutaripoti wastani wa mabadiliko ya uwezekano. Pia kuna njia ya Karlson, Holm na Breen ya 2012 iliyotengenezwa mahususi kwa kulinganisha koefishenti za namna hii, nayo tutaijaribu wiki ijayo.

Kiukweli hili ndo jambo ambalo natamani kila anayetumia mabloku kwenye lojistiki alijue. Watu wanaisema sana stepwaizi, na mimi pia naisema, halafu wanahamia kwenye mabloku wakidhani wamefika salama, wanasoma koefishenti kwa safu kushoto kwenda kulia kama wanasoma simulizi.

Jumatatu, wiki ya pili

Leo zamu ya stepwaizi, maana mwenzangu anastahili kuona kwa macho yake badala ya kuniamini tu. Kwanza hesabu ya mezani. Chukua vigeu 20 ambavyo havina uhusiano wowote na kuacha, kelele tupu, visivyotegemeana. Kila kimoja kina nafasi ya 0.05 kupita mlango. Uwezekano wa angalau kimoja kupita ni 1 toa 0.95 iliyozidishwa yenyewe mara 20, ni kama 0.64. Yaani mara nyingi zaidi kuliko sio, utatoka na "ugunduzi" mkononi kutoka kwenye hewa.

Freedman alilifanya hili wazi mwaka 1983 kwa regresheni ya kawaida: mistari 100, vigeu 50 vya kelele tupu, akachuja kwa 0.25, vikabaki 15, akaendesha upya na hao 15 tu, na 6 kati yao vikaonekana na maana kwa 0.05. Ukionyeshwa hiyo modeli ya pili peke yake bila kuambiwa ya kwanza ungeiamini.

Na sio kelele tu. Austin na Tu mwaka 2004 walichukua data za wagonjwa wa shambulio la moyo, vigeu 29, wakachota sampuli 1,000 za butstrapu (kuchota upya kutoka kwenye data ileile, anayechotwa anarudishwa) na kila sampuli wakaendesha uchaguzi wa kurudi nyuma. Walipata modeli 940 tofauti. Soma tena hiyo, sampuli elfu moja kutoka kwa wagonjwa walewale, na karibu kila sampuli inakuja na orodha yake. Vigeu vitatu tu ndo vilichaguliwa kwenye sampuli zote.

Tumefanya hivyohivyo na data yetu kwa kutumia vigeu vya bloku zote. Vichache vinarudi karibu kila sampuli, siku za kuchelewa zoezi ndo mfalme. Jinsia na saa za kazi zinaingia na kutoka bila mpangilio. Mara na dakika zinapokezana, akiwepo huyu yule hayupo, kama tulivyotarajia Ijumaa. Mwenzangu kaangalia lile jedwali la marudio muda mrefu halafu kasema, "Sasa dada, ripoti ngapi zimeandikwa kwa sampuli moja tu?" Sikuwa na la kuongeza.

Kitu kimoja cha kiufundi alichouliza: je AIC haituokoi, maana haitumii p? Kwa kigeu chenye parameta moja, AIC inakibakiza kai-skwea ikizidi 2, na hiyo ni sawa na kuweka mlango wa p 0.157. BIC ya Schwarz, ndugu yake AIC, inadai logi asilia ya idadi ya watu, kwa watu 1,000 ni 6.91, kama p ya 0.009 hivi. Kwa hiyo ni mlango uleule, mmoja mpana mwingine mwembamba. Kuchagua kwa kupita mlangoni kimoja kimoja kunabaki palepale.

Jumatano

Uamuzi umeandikwa na umesainiwa na wote watatu. Modeli kuu ni ya mabloku matatu, vigeu vyote vilivyopangwa vinabaki hata vyenye p kubwa, hatutoi kitu mwishoni ili jedwali lipendeze. Kigeu kilichoingia kwa sababu ya maarifa hakitoki kwa sababu ya 0.07.

Stepwaizi haikufukuzwa. Inabaki kwenye kiambatisho pamoja na jedwali la marudio ya butstrapu, ikisomwa kama kipimo cha uthabiti. Na kama lengo lingekuwa utabiri mtupu, vigeu vingi na hakuna anayejali kipi kina maana gani, nisingeichagua pia, ningekwenda lasso ya Tibshirani ya 1996, ambayo inapunguza koefishenti na kuchagua kwa wakati mmoja badala ya kuingiza kwa nguvu zote au kutoa kabisa. Nayo kwa vigeu vinavyofanana sana inachaguachagua ovyo, kwa hiyo isitukuzwe kupita kiasi.

Uthibitisho wa modeli tunaufanya kwa butstrapu pia, na pale ambapo kuna uchaguzi wowote (kwenye kiambatisho) uchaguzi mzima unarudiwa ndani ya kila sampuli. Ukichagua mara moja nje halafu ukathibitisha ndani, unathibitisha modeli iliyokwisha kukariri majibu.

Ijumaa

Kilichobaki: kalibresheni, yaani kuona kama wanaotabiriwa 0.3 kweli wanaacha kama watatu kwa kila kumi. Wastani wa mabadiliko ya uwezekano kwa kifaa na saa za kazi. Karlson, Holm na Breen. Halafu kundi jipya la wanafunzi linaanza mwezi ujao, tumeomba data zao za wiki ya kwanza zitufikie bila safu ya matokeo, tutaandika utabiri wetu kwa kila mmoja na kuukabidhi kwa mtu wa nje ya timu kabla kozi haijaisha.